Mawe Upande wa Kulia, Omena Mbele

Mwalimu wetu wa mieleka alitufundisha kutupa watu juu ya magodoro ya bweni yaliyostaafu. Unamnyanyua mwenzako kwa kiuno, anapaa, anatua kwa mgongo, anaamka akikutukana. Mimi ni mwembamba kama mpini wa fagio, lakini kwenye yale magodoro niliangusha watu ambao wamenishinda kula tangu kuzaliwa.

"Kumtupa ni nusu ya kazi," mwalimu alikuwa akisema. "Nusu nyingine ni pale atakapoangukia. Usiachilie mkono wake."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Ijumaa moja mdomo ukanitangulia, kama kawaida. Mbele ya watu nilisema kichwa cha jamaa mmoja wa Kidato cha Nne ni mwavuli, mvua ikinyesha mabega yake hayalowi. Shule ilicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu, polepole, "Omera, ndugu yangu, kesho uko ufuoni Dunga?"

Aliuliza ya nini? Kila mtu anajua Jumamosi nalinda omena ya mama, wale dagaa wa ziwani anaowauza.

Siku hiyo omena ilikuwa imeanikwa juu ya vyandarua kuukuu, imekauka karibu yote. Mama alienda kutafuta gunia, akaniachia fimbo ya kufukuza ndege na onyo moja: "Mchanga ukiingia kwa omena yangu, utalala nje na hao ndege." Hakuwa anatania. Mteja huonja moja, akisikia mchanga kwenye meno anatema na kuhamia kwa jirani.

Nilikuwa nimemwinulia korongo fimbo wakati mkono uliponizunguka shingo kutoka nyuma. Ngeta kamili, ile ya wezi.

"Rudia ile ya mwavuli," akaniambia sikioni.

Kusema ukweli ningerudia, lakini hewa haikuwepo. Nilipiga mkono wake kama tunavyopiga godoro tukikubali kushindwa. Hakujua hiyo lugha. Akakaza. Ziwa likaanza kuwa na madoa meusi.

Mwili ulijua la kufanya kabla yangu. Kidevu chini. Shika mkono wake kwa mikono miwili. Kunja magoti, ingiza kiuno chini ya chake, inama ukizunguka. Kilichobaki ni upande. Kulia kulikuwa na mawe wanayokalishia mashua zikitengenezwa. Mbele, hatua moja tu, omena ya mama.

Mguu wangu ukageuka kulia.

Uligeuka kabisa, kisigino na vidole. Nikamsikia akipumua nyuma yangu, mzito, na nikajua vile angetua: kichwa kwanza. Nikaurudisha mguu mbele, nikainama.

Alipita juu yangu na viatu vyake vyote. Omena ililia kama majani makavu. Mkono wake sikuuachilia, niliuvuta juu mpaka bega langu likauma, na kichwa chake kikafika chini mwisho, taratibu. Halafu hakusonga. Macho wazi, mdomo wazi. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

Kwenye nne akakohoa omena.

Mama alifika na gunia wakati huohuo. Alitutazama, akatazama biashara yake. "Kaeni chini," akasema. "Nyote wawili." Kwa sauti ndogo, ambayo ni mbaya kuliko ile kubwa.

Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka, ungo mmoja kati yetu, tukipepeta mchanga na kuokota vipande vilivyovunjika. Shingo yangu ilikataa kugeuka. Yeye alikuwa akitazama yale mawe kila mara.

"Hukunitupa pale," akasema hatimaye.

Nilikuwa na utani tayari, kwamba mawe yangevunjika na mwenye mashua angedai fidia. Nikaumeza.

"Nilitaka," nikasema. "Mguu ulikuwa umeshageuka."

Akapepeta mara ya mwisho. Kisha akanisogezea ungo, zamu yangu.