Jina la Baba Mkwe

Mvua ya Julai ilikuwa imeilowesha Cape Town wiki nzima. Shule zimefungwa, paa la nyumba yao mtaani Khayelitsha linavuja pembeni, na watoto wawili wamekaa ndani mpaka mkubwa ameanza kumuuma mdogo. Mbulelo, dereva wa basi, alipopata siku ya mapumziko alitangaza kwamba familia nzima itakwenda mjini kuona samaki. Mkewe Nokhaya alifurahi, kisha akakumbuka kwamba familia nzima maana yake ni pamoja na mama mkwe.

MaRadebe, mama yake Mbulelo, alikuja kutoka kwao Dutywa kutibiwa macho. Macho yalipona kitambo, mwenyewe akabaki. Na alipobaki yeye, Nokhaya akarudi kuwa bibi harusi upya: sketi ndefu, kilemba hadi kwenye nyusi, shali mabegani, na suruali yake nzito ya baridi kaificha chini ya godoro kama mali ya wizi. Kwao aliitwa Lulama. Siku ya harusi wakwe walimpa jina jipya, Nokhaya, na wakamkataza lingine asilitamke mpaka anaingia kaburini: Zandisile, jina la baba mkwe. Mzee alipofariki, katazo halikulegea. Lilizidi, kwa kuwa sasa mzee anasikia kila kitu.

Haya, Mbulelo akapata mtoto wa kiume, akampa jina la babake. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza Nokhaya mwanawe atamwitaje. Akamwita Bhele, jina la ukoo. MaRadebe naye, aliyemheshimu marehemu mpaka hakumtaja ila kama baba yake Mbulelo, alimwita mjukuu "mume wangu". Mtoto alikuwa na miaka minne na aliitikia yote. Alikwisha kufundishwa kwamba mama hasemi lile jina lingine kwa sababu ni la babu. Na bibi alimweleza babu yuko wapi: chini ya maji, pamoja na wazee wa ukoo, kwenye malisho yasiyokauka.

Kwenye jumba la samaki watu walijaa pomoni, kila mzazi wa mji ule kapata wazo lilelile. Njia zilikuwa nyembamba na za giza, vioo huku na huku. Nokhaya alikuwa amembeba mwanawe wa pili, kichanga, mgongoni, pindo la sketi limelowa na kumganda miguuni, na mkono wake umemshika Bhele. Alimtazama samaki mmoja bapa, taa, aliyefika kwenye kioo, akageuka, akafika kioo cha pili, akageuka tena. Alitamani kwenda zake kulala.

Mbulelo alikuwa amerudi garini kuchukua nepi, na simu kaenda nayo. Ndipo MaRadebe aliposema kwa sauti ya chini, "Shali imeshuka, Nokhaya. Mabega yanaonekana."

Shali haivutwi kwa mkono mmoja ukiwa na mtoto mgongoni. Alivuta, akafunga, akashusha mkono kumtafuta mwanawe. Hayupo.

Aliita Bhele, Bhele, akipenya katikati ya watu. Mzee mmoja mwenye kofia aligeuka akaitikia kwa adabu kwamba naye ni wa ukoo huo, kulikoni? Nokhaya hata hakumjibu. Alifika kwenye meza ya mapokezi, mama mkwe akimfuata nyuma, na mwanamke wa pale akashika kipaza sauti tayari kutangaza.

"Anaitwa nani, mama?"

"Bhele."

"Hilo ni la ukoo. Lake mwenyewe?"

Nokhaya alimgeukia MaRadebe. "Mama, nakuomba. Liseme wewe."

"Tangu niolewe halijatoka kinywani mwangu," MaRadebe alisema, midomo ikimcheza. "Tumngoje Mbulelo."

Yule mwanamke aliwatazama mmoja baada ya mwingine, uso wake ukabadilika. "Mama, huyu mtoto ni wako kweli?"

Hapo Nokhaya aliiona familia nzima ya mumewe, wazima na wafu, imejipanga mbele yake. Alikichukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Zandisile," alisema. "Zandisile, njoo kwa mama."

Sauti yake ikaenda kila chumba. MaRadebe aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu akajifunika uso kwa blanketi alilojitanda. Nokhaya alirudia, akarudia tena, jina alilolibana miaka yote sasa analitangaza kama muuza samaki, na mtoto hakuja.

Aliyekuja ni Mbulelo, kalowa chapachapa, mtoto begani. Alikuwa amemkuta mbele ya tangi kubwa, kaketi sakafuni ametulia.

"Hukusikia mama anakuita?" Mbulelo alimkaripia.

"Nilisikia. Alikuwa anamwita babu."

"Sasa ulikaa unafanya nini?"

Mtoto alishangaa kuulizwa. "Namngoja atoke kwenye maji."

Hakuna aliyecheka. Walirudi garini bila kuwaona pengwini ambao watoto waliahidiwa. Njiani Mbulelo alisema jambo lile haliwezi kupita hivihivi, kwamba itabidi waende Dutywa, Nokhaya apige magoti mbele ya wazee. Alisema kwa upole, na upole huo ulimuudhi Nokhaya kuliko matusi. Alikaa nyuma, kichanga mapajani, mkubwa kasinzia katikati yake na MaRadebe, naye akingoja neno la mama mkwe, kwa maana hilo ndilo litakaloamua.

Mvua ilipozidi kupiga bati la gari, MaRadebe alimwinamia.

"Nokhaya," alinong'ona. "Liseme tena."

Nokhaya alidhani anategwa. Akamtazama, akaona macho yale yaliyotibiwa yamejaa machozi. Basi akafungua mdomo ampe. Alijaribu kweli. Ulimi uligoma, kama siku ya kwanza ya ndoa.

"Siwezi, Mama."

"Najua," alisema MaRadebe. "Mimi najaribu tangu tumzike."

Kisha akanyoosha mkono juu ya mtoto aliyelala, akaivuta shali iliyokuwa imeshuka tena, akamfunika mkewe Mbulelo mabega yote mawili.