Udongo Kwenye Misumari ya Mguu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinikunjie uso. Shule niliigusa tu, lakini macho ninayo, na mguu wa binti yangu niliutazama kuliko mnavyotazama simu zenu. Naandika kwa ukali kwa sababu kwa upole hamsikii.

Binti yangu wa mwisho alikuwa akichukua usipa, dagaa wa ziwa letu, bandarini Itungi na kuuza mjini. Siku ya mvua bodaboda iliyombeba na beseni lake iliteleza kwenye tope la Mbugani. Mguu ukavunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza nje. Hospitali walimfunga vyuma: fito nje ya mguu, na misumari iliyopenya nyama mpaka kwenye mfupa.

Muuguzi alinifundisha kuutunza. Nawa kwa sabuni kwanza. Chemsha maji na chumvi, yafunike mpaka yapoe. Kila msumari uwe na kipande chake cha bandeji. Kilichogusa huu kisiguse ule.

“Ukiona majimaji kidogo yanatoka pembeni, mama, yaache yatoke,” alisema. “Ila usipake kitu. Si majani, si mafuta, si asali.”

Nikamuuliza mbona vidonda vingine tunapaka. Akasema bakteria wakikifikia chuma wanagandamana juu yake kama ukoko wa wali, na dawa ya kumeza haiwang’oi. Ukoko naujua. Mchele wa Kyela nimeupika tangu sijaolewa. Sikuuliza tena.

Walionichosha ni wageni. Kwetu mgonjwa hatazamwi tu, anashikwa. Kila aliyeingia alitaka kupapasa vyuma. “Kumbe vya baridi!” Nikawa nawachapa mikono. Mtaani wakasema nimemfungia mtoto ndani kama kuku anayeatamia. Waseme.

Ndipo akaja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kutoka Ikombe. Ni mfinyanzi, na vyungu vyake havina mpinzani ufukwe ule wote. Alishuka kwenye mtumbwi na bonge la udongo lililofungwa kwenye jani la mgomba. Nikadhani ni zawadi ya kuziba ufa wa mtungi wangu. Nikasema ndaga, asante ya kwetu, nikampikia, nikampa kitanda.

Kesho yake nilikwenda uani kugeuza kakao juani. Niliporudi chumbani nilikuta kila msumari umezungushiwa udongo, umelainishwa vizuri kama mdomo wa chungu. Wifi alikuwa akifuta vidole kwenye khanga.

“Umefanya nini?”

“Matundu yalikuwa yanavuja, wifi. Chombo kinachovuja kinazibwa. Hata wewe usiyejua kufinyanga unalijua hilo.”

“Mguu si chungu!”

“Na wewe si daktari. Mtoto huyu ni wa kaka yangu. Mfupa huo ni wa ukoo wetu, wewe umeuzaa tu.”

“Basi ukoo wenu ungekuja kumnawisha alipokuwa hawezi kugeuka!”

Binti naye akafungua mdomo kumtetea. “Mama, mguu umepoa. Ulikuwa unawasha. Mwache shangazi.”

“Wewe nyamaza! Mguu ukikatwa, beseni la usipa atakubebea shangazi?”

Nilichemsha maji, nikautoa ule udongo kidogo kidogo, huku wifi amekaa mlangoni akicheka kwa dharau. Ulikuwa umeshaingia ndani. Baada ya siku chache ngozi iliwaka nyekundu, usaha ukatoka, homa ikapanda mpaka akawa anaita watu waliokufa. Wifi alikuwa ameshapanda mtumbwi kurudi kwao.

Hospitali daktari aliutikisa msumari mmoja, ukacheza kama jino bovu. Akaung’oa. Akampiga sindano mfululizo, akatobolea msumari mwingine mahali pasafi. Hakunibembeleza. Alisema uchafu ukishashika mfupa, atavitoa vyuma vyote kabla mfupa haujaunga, na hapo mguu wenyewe hana hakika nao. Binti alisikia. Alilia, mimi sikumfuta machozi. Nilitaka alie na akili iingie.

Homa ilishuka, tukarudi nyumbani na mguu wake, lakini bado ukiwa na vyuma na bado ukiwa na hatari. Kabla sijavua viatu nikapata habari: wifi yuko njiani tena, anakuja na jogoo wa kuomba yaishe, na udongo mwingine, mzuri kuliko wa kwanza.

Nikawaita wanangu wote waliokuwa ndani, wakubwa kwa wadogo, binti naye akisikia kitandani.

“Shangazi yenu akifika, msalimieni kwa heshima. Mpeni kiti uani, mpeni wali na usipa mpaka ashibe. Jogoo mpokeeni. Chumba hiki haingii. Akisukuma pazia, mshikeni mikono mumtoe nje, hata akiwalaani, na asiyeweza kumshika ahame leo nyumbani kwangu.”