Barua Nyuma ya Mlango wa Acocks Green

Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Dekow Ahmednoor alitia saini fomu ya kuanza kazi katika ua wa nyuma wa nyumba tupu mtaa wa Acocks Green, jijini Birmingham. Penye swali kama mti unalindwa kisheria, aliandika: hapana. Kufikia saa saba mchana, mwaloni uliokuwa umesimama hapo kwa zaidi ya miaka mia na hamsini ulikuwa chini.

Mti huo ulikuwa unalindwa. Amri ya kuuhifadhi ilitolewa Ijumaa iliyotangulia, na kwa sheria ya Uingereza amri ya aina hiyo inaweza kuanza kazi siku ileile inapotolewa. Kuukata mti kama huo bila idhini ni kosa la jinai, na faini yake haina kikomo.

Dekow ana miaka arobaini na tisa. Ni Msomali wa Garissa, na anaishi Newtown, ghorofa ya sita, pamoja na mkewe Batula na binti yao Hibo. Katika kampuni ndogo ya kukata miti yeye ni msimamizi wa kikosi cha watu wanne. Husoma kila karatasi mara mbili kabla ya kuruhusu msumeno uwashwe, na Ishaka, Mkongomani anayepanda na kamba, amempa jina la Monsieur Dossier, yaani Bwana Faili.

Asubuhi ile aliambiwa. Jirani, Inderpal, Singasinga wa miaka sabini na mmoja mzaliwa wa Nakuru, alifika kwenye uzio akiwa na kandambili. Walikuwa wamejuana wiki moja kabla, Dekow alipokuja kupima mti, na kila mmoja alifurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili.

"Kijana, huo mti usiuguse," Inderpal alisema. "Una amri tangu Ijumaa. Watu wa halmashauri wamenipigia wenyewe."

"Barua iko wapi, mzee?"

"Itakuja na posta."

"Basi ikija nitaisoma."

"Wewe kwani ulikuwa askari wa misitu ama karani wa posta?"

"Nilikuwa askari, mzee. Ndiyo maana naulizia barua."

Ishaka alicheka huko juu kwenye kamba. Inderpal alirudi ndani kuipigia simu halmashauri, akaambiwa na mashine kwamba watu kumi na mmoja wako mbele yake. Alipopata mtu wa kumsikiliza, matawi yote ya upande wa kusini yalikuwa yamekwisha kuanguka.

Ili kuelewa kwa nini mtu aliyewahi kulinda misitu alidai barua huku amesimama chini ya mwaloni, ni lazima kurudi Februari 2018. Wakati huo Dekow alikuwa askari kwenye kituo kidogo kando ya Mto Tana. Serikali ya Kenya ilitangaza kusimamisha ukataji wa miti, naye akaisikia amri hiyo redioni. Kesho yake alikwenda na wenzake wawili kwenye shamba la mzee aliyeitwa Korane, ambaye tanuri lake la mkaa lilikuwa likifuka kwa siku ya nne. Walilibomoa ubavuni kwa majembe.

Tanuri la udongo likipata hewa ghafla, moto uliokuwa umelala huamka. Korane alipanda juu yake na karai la mchanga ili aliokoe. Udongo ukatitia chini ya miguu yake, akatumbukia motoni.

Alifariki siku ya tatu. Siku ya sita barua ya amri ilifika kituoni, na Dekow akaisoma akiwa amesimama. Ilihusu misitu ya umma na ya jamii. Mashamba ya watu binafsi hayakutajwa. Mkuu wa kituo alimpa karatasi aandike taarifa, naye akaandika kwamba marehemu alionywa mapema. Hakuna aliyekuwa amemwonya.

Tangu hapo Dekow hakuamini amri asiyoishika mkononi. Kanuni hiyo alisafiri nayo hadi Birmingham na hakuwahi kumweleza mtu chanzo chake. Waajiri waliipenda.

Afisa wa miti wa halmashauri alifika Acocks Green saa saba na nusu. Alikitazama kisiki, kisha akaomba mlango wa nyumba ufunguliwe. Mkekani nyuma ya mlango, katikati ya vikaratasi vya matangazo ya piza, palikuwa na bahasha iliyoletwa kwa mkono Jumamosi. Ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa Dekow tangu asubuhi. Kutoka kwenye mti hadi kwenye bahasha ni hatua kumi na tisa, alizihesabu akirudi.

Tangu siku hiyo ananusa moshi nyumbani kwake. Anasema si moshi wa sigara wala wa jiko, ni ule mzito wa udongo mbichi na mti wa mgunga. Newtown, kama Birmingham nzima, ni eneo ambalo sheria inazuia moshi wa dohani za nyumba. Amebadilisha betri ya king'ora cha moto mara tatu. Hakijalia hata mara moja. Hibo humjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna moshi, kisha humfungulia dirisha.

Kampuni imepata wakili, na wakili ameandika sentensi moja ya kujitetea: kwamba kikosi hakikujulishwa kuhusu amri. Inderpal anasema alikijulisha, lakini hana ushahidi zaidi ya neno lake. Ishaka amesema kule juu hakusikia vizuri. Dekow akiukubali ukweli, atapoteza kazi na pengine kushtakiwa yeye mwenyewe, na ombi lake la uraia bado halijajibiwa.

"Wewe nyamaza tu," Batula alimwambia wakisubiri kufuturu. "Kunyamaza si uongo."

"Sentensi ya wakili si kunyamaza."

"Huyo mzee atadhurika nini? Ana nyumba yake, ana pensheni yake. Wewe una nini?"

Dekow aliweka tende mezani.

"Kuhusu Korane niliandika kwamba alionywa," alisema. "Nikisema huyu hakunionya, watakuwa wawili."

Batula hakuwa amewahi kulisikia jina la Korane. Aliuliza ni nani, naye akamweleza yote, mpaka chai ikapoa.

Mahojiano na halmashauri ni Jumanne tarehe 25 Machi, saa nne asubuhi, na maneno yake yatarekodiwa. Ataulizwa kama aliambiwa kuhusu amri kabla msumeno haujawashwa. Atajibu kwamba aliambiwa, na atamtaja aliyemwambia.