Kreti la Paskali

Kabla Fanueli hajajua kupiga mtu, alijua kupiga hesabu. Walimu wake wote kule Gonja walisema hivyo, na ndiyo maana baba yake, mzee Eliezeri, alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanawe aingie chuo cha biashara. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu huru kuuza na kununua. Maduka ya ushirika yamefungwa, mashamba ya mkonge kule tambarare yanakufa moja baada ya jingine, na kila unayekutana naye anakwambia siku hizi ni biashara, biashara. Mzee alikuwa nyapara wa mkonge hadi walipomwachisha kazi. Akapanda mlima na fimbo yake ya unyapara, akarudi kwenye kahawa isiyolipa, na hasira zake zote akaja nazo.

Sasa sikia kosa la mzee. Kijana alipoitwa kwenye usaili, mzee akaelewa ameshachaguliwa chuoni. Jumapili akamkokota beberu hadi madhabahuni, sadaka ya shukrani, akasimama mbele ya usharika mzima kumshukuru Mungu kwa kumpa mtoto msomi wa biashara. Baada ya ibada beberu akanadiwa pale nje kama kawaida, watu wakashindana bei kwa furaha. Fanueli yuko benchi la nyuma, anajua ni usaili tu, na mdomo kaufumba. Jamani, nani angemkatiza mzee Eliezeri katikati ya shukrani? Chuo kikamkataa. Akaomba cha pili, nacho kikamkataa.

Siku ya jibu la pili mzee alimsubiri uani. "Umenifanya nimdanganye Mungu," akasema, na fimbo ikaanza kazi. Alimpiga mabega, akampiga magoti, akampiga mikono aliyojikingia. Mama yake, Priska, akaingia kati kuamua, akapata ya kwake kichwani. Hapo Fanueli akaidaka ile fimbo, akaivunja, akamsukuma baba. Mzee akaangukia jiwe la kusagia, damu ikamtoka puani na mdomoni, ikalowanisha shati lake la kanisani. Mtoto kumtoa baba damu si jambo la kukaa kulijadili. Fanueli aliteremka mlima mbio, akapita Maore bila hata kuomba maji, na kesho yake alikuwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kwa mama yake mdogo, Yudith, aliyekuwa ananunua kwa wavuvi samaki wa kubanika.

Yudith alimpokea, akamlisha, akamwambia ukweli wake. "Hapa unapita tu. Mwakani unaomba chuo tena. Mambo ya hapa usijifunze."

Maana pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, palikuwa na mtu anaitwa Paskali, mtu wa kuja, mkonge ulimleta na mkonge ulipokufa akabaki. Alikuwa anakalia kreti tupu la soda, tenga liko miguuni, na kila mwanamke aliyenunua samaki alipita hapo kumwachia wanono wawili watatu. Serikali haikumweka, watu hawakumchagua. Ni ngumi tu. Mama mmoja, Mwamvita, aliwahi kugoma, akavunjwa mkono mchana kweupe, na ulipounga uliunga umepinda. Yudith naye alikuwa anatoa kama wenzake na kumkataza kijana asitie neno.

Akatii, mpaka asubuhi ile Paskali alipozoa perege wakubwa wote kwenye ndoo ya Yudith, akamwachia vidogo vya kulisha paka. Yudith akamshika mkono kumsihi. Paskali akamzaba kofi, mama wa watu akaanguka chali matopeni, midomo imepasuka, kanga imemvuka mbele ya wavuvi.

Fanueli aliokota kafi la mtumbwi akampiga nalo Paskali shingoni. Lile jitu halikuanguka, nakwambia. Liligeuka na kisu cha kupaa samaki, likamchana shavu kuanzia sikioni hadi kidevuni, nyama ikafunguka meno yakaonekana. Wakakumbatiana na damu zao, wakaviringika hadi majini, na kisu kikapotelea huko. Fanueli akapata kumkalia mgongoni. Akamshika kisogo, akamzamisha uso kwenye tope. Anamtoa, anamzamisha. Anamtoa, anamzamisha tena. Kule nyumbani alimsukuma baba bila kukusudia, lakini hapa alikusudia kabisa.

Ukingoni watu wamejaa. "Mmalize!" wanapiga kelele, wavuvi na akina mama, na Mwamvita yumo. Na Fanueli, nisimfichie, sauti zile zilimwingia tamu. Tangu vyuo vimkatae ilikuwa mara ya kwanza watu wengi namna ile kumtaka. Akazidi kukandamiza.

Mkono wa Paskali uliokuwa unamparura paja ukaacha kuparura. Ukaanza kumpapasa polepole, kama wa mtoto anayeomba ashushwe mgongoni. Fanueli akashtuka, akamwachia. Wavuvi wakamburuta yule bwana nchi kavu akitapika maji ya kijani, na jioni alipanda lori la samaki akaenda zake, hakurudi tena.

Zahanati walimshona Fanueli shavu bila ganzi, maana ganzi ilikuwa imekwisha. Yudith alimshika kichwa. Walipofika nyumbani akamwambia, huku midomo yake mwenyewe imevimba, kwamba kesho aondoke: apande Gonja, amwangukie baba yake miguuni, aombe chuo mara ya tatu, na wakimkataa aombe ya nne. Nauli angempa yeye. Fanueli akakubali, na alikubali kwa moyo mweupe.

Asubuhi alishuka mwaloni kumsubiri mama mdogo amalize kununua. Kreti lilikuwa palepale na tenga lake, hakuna aliyethubutu kulisogeza. Kichwa kilikuwa kinamzunguka kwa jeraha, akaketi. Apumzike kidogo tu, alijiambia.

Mwamvita ndiye aliyekuja wa kwanza. Akainama na ule mkono uliopinda, akaweka perege wawili kwenye tenga, akapita bila kumtazama usoni. Akaja mwingine akaweka. Fanueli alifungua kinywa awaambie hapana, chukueni samaki wenu, lakini shavu lilimuuma, na nyuma yao walikuwa wanakuja wengine watatu. Hawa hawakumfanyia usaili. Hawakumuuliza cheti. Tenga likawa linajaa, na mgongo wake ukawa unanyooka wenyewe.

Yudith akafika, ndoo kichwani, nauli kaifunga kwenye pindo la kanga. Akasimama akamtazama kwa muda. Ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, huyu. Akatua ndoo, akachagua perege mkubwa kuliko wote, akamlaza juu ya wenzake. Kisha akakunja magoti, mtu mzima yule, mbele ya mtoto wa dada yake.

"Shikamoo," akasema.

Fanueli alikuwa na nafasi ya kuinuka. Aliwatazama samaki, akawatazama watu, na watu wote walikuwa wanamsubiri yeye.

"Marahaba," akaitikia.