Sauti Isiyovuta Pumzi Ufukweni Minago

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia kwa shemeji, wala kwa abiria mwenzangu njiani. Tena tulikuwa wawili. Mwenzangu wa siku ile, Bonifasi, yupo hapa Minago, Burundi, hadi leo, anakamua mawese nyuma ya nyumba yake. Mwulizeni. Hapendi kuyazungumza, lakini hatayakataa.

Na ondoeni kabisa mawazo ya giza na bundi. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi za alasiri, watu macho.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa kwaya. Mambo mengi sijisifii, ila kwa sikio langu najisifu, na mtanisamehe. Waimbaji arobaini wakiimba pamoja, mmoja akishuka kidogo tu, namjua ni nani na amesimama mstari wa ngapi. Mama yangu ndiye aliyenifundisha, kule kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, nilikokulia. Hatukuwa na kinanda wala gitaa. Alikuwa akitufunga macho kwa kitenge, sisi watoto wake, kisha anatuuliza: nani amepita sasa hivi? Tulitakiwa kumjua mtu kwa hatua zake, kwa kikohozi chake, kwa namna anavyoweka ndoo chini. Tuliporudi Burundi wengine walirudi na mabati na baiskeli. Mimi nilirudi na sikio.

Sasa, siku ile nilikuwa natoka mazoezini, nikapita njia ya ufukweni. Mvua ikanikamata. Nikajibanza kwenye kibanda wanakohifadhi ndagala, yaani dagaa, waliokauka. Mabati yalipiga kelele mpaka sikuweza kusikia hata mawazo yangu. Halafu mvua ikakatika mara moja, kama mtu amefunga bomba, na ziwa likanyamaza. Mmewahi kusikia Tanganyika imenyamaza kabisa? Hata yale mawimbi madogo yanayolamba mchanga hayakuwepo. Mimi nilikuwa sijawahi.

Ndipo nikasikia: "Boni. Boni, njoo."

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Esperanse, mke wa Bonifasi, mwimbaji wangu wa sauti ya pili kwa miaka sita. Tulimzika mwaka juzi. Nilishika kamba ya jeneza lake kwa mikono hii.

Nikatoka kibandani. Baiskeli ya Bonifasi ilikuwa imelala mchangani, bidoni moja limefunguka, mawese mekundu yanamwagika. Mwenyewe alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, na viatu vyake miguuni, anatembea taratibu kama mtu anayekwenda kukaribishwa mezani. Mbele yake, hatua thelathini hivi, alisimama mwanamke, maji yakimfika kifuani. Alikuwa ametugeuzia mgongo.

Nikaingia majini nikamkamata mkono.

"Bonifasi, unakwenda wapi?"

"Niache, Mwalimu. Bibi yangu iko ananiita. Wewe hausikie?"

"Nasikia."

"Basi niache."

Alikuwa na nguvu, na mimi si mkubwa. Alinivuta pamoja naye hatua tatu, nne. Na ile sauti ikazidi. Ilisema mambo ya nyumbani kwao, ambayo sitayarudia hapa kwa sababu si yangu: jina alilomwita wakiwa wawili, mtoto waliyempoteza, tundu la paa walilokuwa wakilibishania. Ilisema, ikasema. Bonifasi alikuwa analia bila sauti.

Mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasikiliza. Niaminini, hata kwa hofu ile sikio langu liliendelea na kazi yake. Na kuna kitu kilinisumbua kabla sijakijua. Maneno yalitiririka, yakatiririka, sentensi juu ya sentensi, na mwanamke yule hakuvuta pumzi. Hata mara moja. Kazi yangu miaka yote ni kuwafundisha watu mahali pa kuvuta pumzi. Hakuna mtu anayeweza kusema vile bila kupumua, hata mpiga mbizi.

Nikamwambia Bonifasi, "Ile haiko Esperanse. Subiri kidogo tu, usikilize pamoja na mimi."

Kisha nikamwita yule wa majini.

"Kama ni wewe, Esperanse, imba ule wimbo wetu wa kufungia ibada. Ubeti wa pili."

Lazima niwaeleze jambo hapa. Esperanse alikuwa na kifua kibovu. Katika ubeti ule kuna neno "unyenyekevu" linalovutwa kwa muda mrefu, naye hakuwahi kulimaliza kwa pumzi moja. Alilikata katikati: "unyenye", anavuta hewa, "kevu". Miaka sita nilimkemea, na miaka sita alicheka na kulikata vilevile.

Yule mwanamke akaimba. Akalifikia neno lile, akalivuta lote, zima, laini kama mafuta. Hakuna mwimbaji wangu aliyewahi kuliimba vizuri hivyo.

Nikahisi mkono wa Bonifasi umelegea.

"Hakupumzika katikati ya neno," akasema.

"Hakupumzika."

"Pale siku zote alikuwa anapumzika. Hata jikoni, hata akiosha sahani." "Ule hapana yeye."

Akageuka mwenyewe, sikumvuta. Tulikuwa tumefika maji ya magotini tunatoka, nikasikia nyuma yangu mtu anauliza: "Nani alikufundisha kusikiliza hivi?"

Ilikuwa sauti yangu. Yangu hasa, ile mliyokuwa mkiisikia kanisani.

Bonifasi akasema, "Usigeuke, Mwalimu. Tafadhali."

Niligeuka. Ningeachaje? Yule mwanamke naye alikuwa amegeuka. Ulikuwa uso wa kawaida, wa mtu ambaye ungempita sokoni, isipokuwa mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa, na maneno yalikuwa yanatoka.

Nikamjibu. Nikalitaja jina la mama yangu lote, la Kirundi na la ubatizo, kwa sauti kubwa. Halafu nikaimba ubeti ule jinsi Esperanse alivyouimba, pamoja na kosa lake, nikalikata neno katikati na kuvuta pumzi hadi mabega yakapanda. Nilitaka kimsikie, kitu kile, mtu anavyoimba. Nilipomaliza, mawimbi yalikuwa yamerudi na majini hapakuwa na mtu.

Usiku ule koo liliniwasha. Asubuhi, sauti yangu ya kuimba ilikuwa imekwenda, na haijarudi. Dispansari walinichungulia kooni mara mbili, wakasema hawaoni kitu. Ninachobaki nacho ni huu mkwaruzo mnaousikia. Kwaya bado naifundisha, kwa mikono na kwa sikio, na nawaambia bila haya kwamba haijawahi kuimba vizuri kama sasa. Bonifasi amejiunga na sauti ya nne. Anaimba vibaya, namvumilia. Nikiulizwa kama ningefanya tena vilevile, jibu ni ndiyo, hata kabla hujamaliza kuuliza.

Ila wavuvi wa Magara, ufukwe wa jirani, wananisimamisha njiani. "Mwalimu, jana tumekusikia ziwani, ulikuwa unaimba vizuri sana." Mimi jana nilikuwa nyumbani, nachambua maharage.

Kwa hiyo wewe, ukipita ufukwe huu ukasikia sauti ya mwanamke, safi, nzuri, kama yangu ya zamani, inakuita kwa jina lako, usiitike na usisogee. Mimi nikikuita nitakwaruza kama mlango wenye kutu, na katikati ya jina lako utanisikia nikisimama kuvuta pumzi.