Hisa za Jumapili na bangili za Bi Mize

Haya tuendelee, umeme umerudi.

Nilikuwa nawahadithia habari za Hamadi, mchumba wa binti wa jirani yangu Bi Mize. Leo kaja barazani kwake nami nipo, simu mkononi, anataka mama wa watu auze bangili zake za dhahabu ampe yeye pesa azizungushe kwenye hisa.

"Mama, nachagua zilizoshuka, nangoja siku chache, zikipanda nauza. Asubuhi hii hii nimeuza, faida imeingia!"

Bi Mize macho yashamng'ara.

Mie nawamiminia chai. (Mie, chai tu! Chekeni.)

Hisa sizijui. Lakini kila jioni redioni wanasoma zilizopanda na zilizoshuka, nami nangoja wamalize nisikie taarabu yangu. Jumamosi na Jumapili hawasomi, soko limefungwa, taarabu inakuja mapema.

Na leo siku gani jamani?

Nkamuuliza kwa upole, "Baba, Jumapili hii umemuuzia nani?"

Weee! Kikombe cha Hamadi kikabaki hewani.

"Aa... ile niliuza Ijumaa, imechelewa kuingia."

Vije tena? Si asubuhi hii hii?

Labda kweli, sijui. Lakini Bi Mize alinifinya, akanipenyezea bangili chini ya kanga. "Niwekee, asijue mtu." Nimezivaa hapa kwangu, zinagongana kila nikiandika.

Nyie mngefanyaje?

Ngojeni, mtu anabisha.

"Hodi Bi Salma! Mie Hamadi. Mama kasema unipe zile bangili."

Kasema lini, na kaniambia asijue mtu? Nampigia Bi Mize, mbona hapokei?

Naja baba, naja!