Mkono wa Baba Mkubwa na Gunia la Lumbesa

Kuchora nilijifunza mwenyewe, kwa simu, na hadi leo naogopa kwamba mtu aliyesomea akiitazama kazi yangu ataona kasoro kwenye kila mstari. Kwenye simu hiyo hiyo niliikuta picha ya zamani mno, ya zaidi ya miaka mia tano, kutoka upande wa Uholanzi na Ubelgiji. Tajiri yuko kitandani, anakufa. Mauti, mifupa mitupu, inachungulia mlangoni. Malaika amemshika tajiri bega na kumwonyesha mwanga dirishani, lakini mkono wa tajiri umenyooka kuelekea mfuko wa pesa anaosogezewa na shetani mdogo.

Nikataka kuichora kivyetu. Wa kumlaza kitandani alikuwa baba mkubwa, mnunuzi wa vitunguu hapa Singida mjini. Alikuwa kwetu akipumzika baada ya kulazwa kwa ajili ya moyo, na alikubali upesi kwa sababu alikuwa amechoka kukaa bure. Shetani nilimwacha. Mahali pake niliweka gunia la lumbesa, lile linalojazwa mpaka linaota nundu juu ya mdomo, na mkulima analipwa gunia moja tu. Malaika kwetu Waislamu hachorwi, na mauti naye kwetu ni malaika, kwa hiyo dirishani niliweka mwanga, na mlango nikauacha wazi, giza tupu. Mkono wake ulionyooka kuelekea gunia niliufuta na kuurudia mpaka kitambaa nilichochorea kikaanza kuchakaa.

Rangi ilipokauka nikaogopa kumwonyesha. Mtu katoka hospitali juzi, halafu umwekee mbele kifo chake na biashara yake kwa pamoja. Mama akasema mgonjwa wa watu amelala pale kwa ajili yangu, basi nimwonyeshe.

Aliitazama kwa muda, miwani imeshuka puani. Mimi nilikuwa naona makosa tu: kidole gumba kifupi, mto kama unaelea.

"Mlango huu mbona hujaufunga?" akauliza.

Mama aliinamia kikombe chake. Uso wa baba mkubwa ukatulia, nikajua amejijibu mwenyewe. Macho yake yakahamia kwenye mkono, kisha kwenye gunia.

"Lakini wewe fundi, hii ndiyo lumbesa? Yaani nipunjwe hivi, na huku nakufa?"

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Baba mkubwa akainuka, akaokota kipande changu cha mkaa, akaongeza nundu na kuonyesha jinsi wafungaji wake wa ghalani wanavyopitisha kamba. Katikati ya kamba akasimama, akautazama tena ule mkono.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama niurudishe kifuani.

"Uache hapo hapo, mwanangu. Mimi mwenyewe sijaamua."

Akajinyoosha kitandani, akaagiza chai nyingine. Nikakaa karibu naye nikichora zile kamba moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu nianze picha ile, sikufuta mstari hata mmoja.